Seminari ndani ya waya wa miiba

Twasikia mara nyingi ya kuwa mtu hawezi kusoma vema pasipo vitabu vingi, nyumba nzuri na utulivu. Neno hili lina kweli yake. Lakini inafaa tukumbuke seminari moja iliyokuwa ndani ya kambi ya wafungwa wa vita, katika nchi ya Ufaransa.

Mwaka 1945, vita ilipokaribia kwisha, Wafaransa walikuwa na wafungwa Wadachi wengi sana. Kati yao walikuwamo waseminari waliotolewa masomoni na kutiwa jeshini. Mapadri Wafaransa waliowatunza wafungwa waliona hatari: vijana hao wakikaa miaka bila kufundishwa, wito wao utazimika. Basi wakaomba wakusanywe mahali pamoja. Halikuwa jambo jepesi. Wadachi walikuwa wameitawala Ufaransa miaka minne na kuua watu wengi, na vidonda vilikuwa vibichi.

Mkuu wa seminari alichaguliwa Padri Franz Stock, Mdachi, aliyezaliwa mwaka 1904. Wafaransa walimjua. Wakati wa vita aliwazuru wafungwa wao katika magereza ya Paris, akawasindikiza hata Mont-Valérien, mahali walipopigwa risasi. Jeshi la Wadachi lilipoondoka Paris mwaka 1944, yeye alibaki hospitalini pamoja na majeruhi, akashikwa. Hivi mtunza wafungwa akawa mfungwa.

Masomo yalianza Orléans mwezi wa Aprili 1945. Mwezi wa Agosti wakahamia Le Coudray, karibu na Chartres. Nje palikuwa waya wa miiba na walinzi. Ndani palikuwa Misa, sala, filosofia na teolojia. Kati ya walimu walikuwamo mapadri wafungwa. Chakula kilikuwa haba, vitabu vichache. Lakini Chuo Kikuu cha Freiburg kiliichukua seminari hii chini ya ulezi wake. Askofu Roncalli, mjumbe wa Baba Mtakatifu huko Paris, alikuja kuwaona zaidi ya mara moja. Ndiye aliyekuwa Papa Yoane XXIII mwaka 1958.

Seminari ilifungwa mwezi wa Juni 1947. Watu 949 walipita humo, walimu na wanafunzi pamoja. Zaidi ya 600 walipata upadri. Padri Stock alikufa mwezi wa Februari 1948, mwenye miaka 43, akihesabiwa bado kuwa mfungwa wa vita. Mwaka 1963 mwili wake ulihamishwa Chartres.

Nani aliijenga seminari hii? Si kuta. Ni mkuu aliyekubali kukaa kifungoni na wanafunzi wake, na ni watu walioumizwa, ambao hata hivyo waliwafungulia adui zao mlango wa darasa. Wafungwa wako karibu nasi pia. Basi, katekista anayekwenda kuwazuru asichukue chakula peke yake. Achukue na kitabu, akae nao, awafundishe.