Athari, Hewa na Risasi

Anayetaka kugeuza shamba la minazi kuwa kiwanda cha saruji hukutana mapema na herufi tatu: TAM, yaani Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Tanzania inaidai kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kenya ilikwisha kuliweka sharti hilo katika sheria yake ya mwaka 1999.

Tathmini ni ndugu wa thamani. Mazingira yametokana na kuzingira, kwa hiyo ni vile vilivyotuzunguka: mto, msitu, ndege. Aliyezungukwa, mwenye mapafu, hatajwi. Wataalamu watasema afya imo ndani ya istilahi, na kisheria wana haki. Lakini mzee aliyeitwa kwenye mkutano wa kijiji husikia habari za miti, akaondoka akiamini kifua chake hakikujadiliwa.

Athari ndiyo yenye kesi. Kwa Kiarabu asili yake ni alama, unyayo uliobaki. Vitabu vya taaluma huitumia bila kupendelea upande, ndiyo maana ripoti huorodhesha ajira na barabara mpya chini ya “athari chanya”. Mtaani mambo ni mengine. Aliyeathirika na mafuriko amepoteza nyumba, na mwathirika huhurumiwa. Sijawahi kusikia mtu akiitwa mwathirika chanya. Kinachoumiza kina jina lake, madhara, na ripoti ingelitumia bila haya.

Hewa nayo ina balaa yake. Ukisema “hali ya hewa”, msikilizaji anangoja kuambiwa kama mvua itanyesha. Ukisema “watumishi hewa”, unazungumzia majina yanayolipwa mshahara ilhali watu hawapo. Kitu cha hewa ni kitu kisichokuwapo! Na hiki “kisichokuwapo” kina uzito unaopimika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembe laini, zenye kipenyo cha mikroni 2.5 au chini yake, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Chembe hizo hazionekani moja moja kwa macho, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu. Vumbi la barabarani tunalikohoa na kulilaani. Hizi hazina hata jina la kulaaniwa.

Halafu kuna risasi. Madini haya yalipewa jina hilo kabla ya bunduki kulichukua, na leo ukitaja risasi watu huinama. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, haikuhitaji bunduki. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifunguliwa ubavuni mwa nyumba za watu mwaka 2007. Phyllis Omido, aliyeajiriwa huko mwaka 2009, alipewa kazi ya kushughulikia tathmini ya athari wakati moshi ulikuwa umeshaanza kutoka. Tathmini ilionyesha hatari, akashauri kiwanda kihamishwe; akaondolewa kwenye kazi hiyo. Baadaye mwanawe mchanga alipimwa, akakutwa na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliyoamuliwa mwaka 2020 ilitenguliwa na Mahakama ya Rufani, ikarejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024.

Tathmini inayofanywa baada ya tanuri kuwashwa haistahili jina lake. Ni uchunguzi wa maiti.

Wala si lazima tuagize istilahi zote kutoka nje. Pwani ina kusi na kaskazi, pepo ambazo kila nahodha anajua zinavuma kutoka wapi na miezi gani. Moshi hufuata ratiba hiyohiyo. Hewa iliyopimwa Januari, wakati wa kaskazi, haiwezi kusema ni nyumba zipi zitakazofukizwa Julai, kusi ikishika. Ripoti isiyotaja pepo hizi kwa majina yake, wala masizi, wala pumu, imeandikwa kwa ajili ya kabati la ofisi.

Basi ukialikwa kwenye mkutano wa wadau, uliza hewa ilipimwa wapi na msimu gani, na nani anaishi upande moshi unakoelekea. Kama haikupimwa, sema hivyo kwa sauti, na usiondoke kabla hilo halijaandikwa kwenye muhtasari.