Mawe ya Vitrini na Majina Yao

Mtoto wa Katanga anakua juu ya mawe. Anayatupia maembe, anayapiga teke akienda masomoni, kiisha siku moja anayakuta nyuma ya kioo, yamewekewa taa na karatasi ndogo, na hapo njo anaanza kushangaa. Sisi tunaofundisha tumeona mshangao huu mara nyingi tukiwa na wanafunzi mbele ya mikusanyo ya mawe. Wanakimbilia malakiti kwanza. Hatuwakatazi, sababu sisi pia macho yetu yanaenda pale pale.

Malakiti ni jiwe ya kijani yenye mizunguko, kijani nyeupe na kijani nyeusi, mzunguko ndani ya mzunguko, sawa vile mti uliokatwa. Mingine imevimba kama kifungu cha zabibu. Mwanafunzi anauliza nani aliichora. Hakuna aliyechora, ni maji. Chini kabisa shaba imefungwa pamoja na salfa mu mawe ya zamani sana. Maji ya mvua yanashuka na hewa yake, yanavunja kile kifungo, yanabeba shaba polepole, mpaka yanakutana na mwamba wenye chokaa, kama ile dolomia tunayoiona pande zote za Likasi na Kambove. Hapo shaba inaacha maji na kuganda, ngozi juu ya ngozi. Rangi ya kila ngozi inafwata namna ilivyoganda. Mu kilo moja ya malakiti safi, zaidi ya nusu ni shaba, karibu gramu 570. Tena haiko jiwe ngumu sana, njo maana mafundi wa Lubumbashi wanaweza kuichonga tembo, shanga na visahani vya majivu ya sigara.

Pembeni yake kuna azuriti, ya bluu kama wino. Kuna kalisiti iliyopakwa kobalti, yenye rangi ya waridi ambayo mtu asiyeijua atafikiri ni sukari ya sherehe. Kiisha, mu kona, kuna jiwe moja nyeusi, kama masizi, ambayo wageni wanaipita bila kusimama. Ni heterojeniti. Wanafunzi wetu wa siku hizi hawaipiti. Wanaijua kuliko mwalimu, sababu kaka zao ni wachimbaji wa mkono, wale tunaita krezeri, na kobalti inatoka mule mule ndani ya ile nyeusi.

Macho yakishiba, tunawaomba wasome karatasi. Na hapa njo tunafika kwa jambo lenyewe, sababu makumbusho ya jiolojia ni kitabu cha historia pia, ijapokuwa wengi wanakisoma kama kitabu cha kemia tu. Jina la jiwe halianguki toka mbinguni. Kornetiti, jiwe ya bluu iliyojulikana kwanza pale Étoile karibu na Lubumbashi, ni jina la Jules Cornet, mjiolojia Mbelgiji. Butgenbakiti ya Likasi ni Henri Buttgenbach. Senjieriti, yenye rangi ya majani mabichi, ilipewa jina mwaka 1949 kwa heshima ya Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière. Kusiniti ya Shinkolobwe ni Jules Cousin, mkubwa mwingine wa kampani ile ile. Na wakati wa Union Minière, makumbusho ya jiolojia ya Likasi yenyewe yaliitwa Sengier-Cousin. Kwa hiyo bwana mmoja aliweza kuwa juu ya mlango, na tena ndani ya vitrini.

Majina ya vijiji na vilima yetu yako pia, hatukatai. Kasoliti ni Kasolo, kilima cha Shinkolobwe. Kolweziti ni Kolwezi, kipushiti ni Kipushi. Likasiti inatufurahisha zaidi. Iliandikwa mu vitabu vya elimu mwaka 1955, wakati mji wenyewe kwa serikali uliitwa Jadotville, jina la mzungu Jean Jadot. Mgodi ulikuwa umebakia na jina lake la kienyeji, jiwe ikalishika, na mji ukalirudilia mwaka 1966 tu. Jiwe ilitangulia mji kwa miaka 11! Na shabaiti, iliyotoka Kamoto, ilipewa mwaka 1989 jina la jimbo letu, lililoitwa Shaba toka 1971. Mwaka 1997 jimbo lilirudi kuwa Katanga, mwaka 2015 likakatwa majimbo manne, lakini ile jiwe haikubadilisha kitambulisho. Inabaki raia wa jimbo ambalo halipo tena.

Sasa tuulize: kati ya Cornet na kilima, nani anakosa? Anakosa yule aliyekijua kilima mbele.

Msiri aliuawa Bunkeya mu Desemba 1891. Mwaka uliofwata, 1892, Cornet alipita mu inchi hii pamoja na msafara wa Bia na Francqui, na ile sifa ya Katanga kuwa « kashfa ya jiolojia » inahesabiwa kuwa neno lake. Lakini mashimo aliyoonyeshwa yalikuwa yamekwisha kuchimbwa. Vivyo hivyo kwa George Grey, aliyetumwa na kampani ya Waingereza toka 1899: alitembezwa toka shimo la zamani hadi shimo la zamani. Mwaka 1906 Union Minière ikaundwa, mwaka 1911 shaba ya kwanza ya kiwanda ikamwagwa Lubumbashi. Kuita kazi hiyo « uvumbuzi » ni kutumia neno kwa bei nafuu sana.

Wazee walijua vipi? Kwa macho, kwanza. Kilima cha shaba hakioti miti mikubwa, kiko na kichwa wazi, na juu yake linaota ua dogo ambalo wataalamu wa mimea wanaliita Haumaniastrum katangense. Shaba inayoua mimea mingine, lenyewe linaivumilia. Hata watafiti wa mambo ya kale wamelifwata, na limewapeleka kwenye mabaki ya tanuru za wazee, sababu udongo wa pale ungali na shaba ndani yake.

Kiisha kulikuwa kazi. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliiandika mwaka 1926 mu kitabu chake juu ya « walaji wa shaba ». Ilianza wakati wa kiangazi, karibu na mwezi wa tano, mavuno ya mtama yakiisha kuingia. Watu walihamia kwenye mgodi na kujenga vibanda. Wanaume walichimba malakiti, wanawake na watoto waliichagua na kuisafisha. Tanuru ilijengwa na udongo wa kichuguu, makaa yalichomwa, mivukuto ya ngozi ilipuliza. Mwalimu wa kemia atafasiria vizuri: moto unatoa maji na gesi mu malakiti, ile kijani inageuka nyeusi, kiisha makaa yanaiba oksijeni, na mukuba, shaba, unabaki peke yake. Ili utiririke, moto unapashwa kupita digri 1,085. Hakuna aliyekuwa na kipimajoto. Fundi alisoma rangi ya moto, na elimu yake hiyo ilikuwa na miiko yake na dawa zake.

Toka kule ilitoka misalaba ya shaba. Mu makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako uchimbaji wa kisayansi ulianza mwaka 1957, ilikutwa pamoja na wafu. Kwa wakati ilikuwa inapunguka ukubwa, na ile midogo ilitumika sawa franga. Misalaba mitatu iliwekwa hata mu bendera ya Katanga ya 1960. Kwa maoni yetu, msalaba mmoja ungepashwa kulala mu vitrini ile ile ya malakiti, si mu chumba kingine cha « mila ». Kuvitenga ni kusema mzungu alikuwa na elimu na sisi tulikuwa na desturi.

Kuna vitrini moja ambapo tunaongea kwa sauti ya chini. Ni ya Shinkolobwe. Mawe yake ni mazuri mno: kuriti nyekundu ya machungwa, bekereliti ya manjano ya asali, sklodowskiti yenye sindano nyembamba kama nywele. Majina ni ya Pierre Curie, Henri Becquerel na Marie Sklodowska Curie, wanaelimu ambao wanastahili heshima. Mgodi ulijulikana kwa Union Minière mwaka 1915. Toka 1922 mawe yake yalitolewa radiumu kule Olen, Ubelgiji. Mwaka 1940 Sengier alipeleka tani karibu 1,200 za mawe ya uraniumu New York, na wanajeshi wa Marekani walipoyatafuta yalikuwa yanangoja kule. Agosti 1945 ilikuwa Hiroshima. Wanafunzi wanajua Hiroshima, mtihani unaiuliza. Wachache wanajua kwamba Shinkolobwe si mbali na Likasi, na kwamba watu walioyabeba yale mawe kwa mikono hawana jiwe hata moja yenye jina lao.

Mawe mengi mazuri yalikwenda Tervuren, mu makumbusho yaliyofunguliwa 1910 na kutengenezwa upya mpaka Desemba 2018. Mengine yanaendelea kuondoka, mu masanduku ya wafanyabiashara wa fuwele, na kreze aliyeyatoa anapata bei ya unga. Huku Kolwezi, mu mtaa wa Kasulo, mwaka 2014 ilitosha mtu mmoja achimbe kisima na kukuta heterojeniti: kwa muda mfupi watu walikuwa wanachimba chini ya vyumba vyao wenyewe. Hawakuwa wajinga wa jiolojia. Walifwata mshipa wa jiwe kwa macho, sawa wazee.

Kwa hiyo darasani, mwanafunzi akileta jiwe, tunamwomba aandike mistari mitatu. Wa kwanza, jina lake la kitabu. Wa pili, mahali ilipotoka, kwa jina ambalo wenyeji wa pale wanalitumia. Wa tatu, nani aliitoa na iliitwaje nyumbani kwao. Miwili ya kwanza inaisha mu dakika tano. Wa tatu mara nyingi unabakia wazi mpaka Jumatatu, sababu mwanafunzi amekwenda kwanza kuuliza kwa mzee.