Kamera Zilizopita Usukumani

Miaka ya 1920, Shinyanga iligeuzwa uwanja wa vita dhidi ya mbung'o. Charles Swynnerton, Mwingereza aliyepewa kazi ya kumshinda mdudu huyo Tanganyika, alifanyia huko majaribio yake, na kwa amri za watemi kama Makwaia wa Busiha maelfu ya Wasukuma walitoka kufyeka pori kwa mikono. Mtaalamu wake wa mimea, B. D. Burtt, aliichunguza nchi hiyo mti kwa mti. Wote wawili walikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, na kazi kubwa ya Burtt kuhusu uoto wa Afrika Mashariki ikachapishwa mwaka 1942. Picha za kitaalamu za enzi hizo zilipigwa kwa uangalifu mkubwa, lakini mtu akitokea humo, mara nyingi amesimamishwa kama rula, ili mtazamaji ajue kichaka kina urefu gani.

Lenzi haikuonyesha kwamba pori lile lilikuwa na wenyewe. Msukuma huitambua ardhi kwa alama zake: mstari wa minyaa unaobaki baada ya kaya kuhama, mti wa kivuli karibu na makaburi, ngitili iliyofungwa ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Masamva, wale wazee waliotangulia, wana mahali pao, na mahali hapo pana jina.

Kisha ikaja almasi. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua mwamba wa Mwadui, na mwaka 1947 likapatikana jiwe la waridi ambalo alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Mdogo wake Elizabeth, Margaret, aliutembelea mgodi mwaka 1956. Dunia ikaijua Shinyanga kwa jiwe lililopachikwa kwenye pambo la kifalme. Wanaume waliochimba udongo nyuma ya uzio hawakupata umaarufu huo.

Hata hivyo, si kila kitu kilichofichika kilikuwa kinangoja mpiga picha. Chama cha wacheza nyoka cha Usukuma kilichora picha kwenye kuta za ndani za nyumba zake, na asiyeingizwa chamani hakuruhusiwa kuziona. Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya kikoloni kama mtafiti wa mila, alizichapisha katika kitabu mwaka 1953. Bila yeye huenda zingepotea. Lakini kupitia kwake zikafika mezani pa watu ambao wachoraji hawakuwahi kuwakusudia, na swali la nani ana haki ya kuonyesha siri ya chama bado halijapata jibu. Nyaraka nyingi za Cory zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mbali na Usukuma kwenyewe.

Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, walishika njia nyingine. Padri David Clement, Mkanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, aliwaalika wenyeji wajenge makumbusho yao. Jumba la watemi lilijengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na humo ngoma na vifaa vya utawala vilihifadhiwa wakati utemi wenyewe ulipofutwa kisheria mwaka 1963. Hapo anayekumbuka ndiye anayeeleza, na tofauti hiyo si ndogo.

Miaka ya 1970 iliwang'oa watu kwenye ardhi ya Usukuma zaidi kuliko mbung'o. Operesheni Vijiji iliwahamisha Wasukuma kutoka kaya za mababu na kuwapanga kwenye vijiji, na ngitili nyingi zikaachwa. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, zilikuwa zimebaki takriban hekta 600 tu za ngitili zilizoorodheshwa. Baadaye zilizidi hekta 300,000. Picha za kabla na baada zilikuwa hoja nzito kwa wafadhili, na mradi ulitunukiwa tuzo ya kimataifa mwaka 2002. Lakini waliorudisha miti ni wazee waliojua ilipokuwa zamani.

Dhahabu nayo ilileta picha za namna tofauti kabisa. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, kuipisha kampuni ya kigeni. Zilipotokea tuhuma kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni, mkanda wa video na picha za mnato vikawa kiini cha ugomvi. Wanasheria wa LEAT, shirika la wanasheria wa mazingira, walivisimamia kama ushahidi, na Novemba 2001 polisi wakapekua ofisi yao. Mwaka 2002 ofisi ya ukaguzi wa malalamiko ya Benki ya Dunia ikasema tuhuma hizo hazikuthibitishwa. LEAT hawakukubali. Kwa familia zilizopoteza makazi au riziki, picha ilikuwa imeacha kuwa pambo la ukutani.

Kutoka Kakola, jirani na Bulyanhulu, hadi machimbo ya Nyarugusu, Geita, simu yenye kamera sasa iko mfukoni mwa mchimbaji, mama lishe na mjukuu wa mtemi. Kinachokosekana ni maelezo. Basi wewe mwenye picha ya kaya ya babu yako au ya shimo lililofungwa, andika nyuma yake jina la mahali, jina la ukoo na mwaka, kisha peleka nakala Bujora au kwenye maktaba iliyo jirani nawe.