Kilemba cha Nyumba: Anayekipokea Anauza Nini?

Ndugu msomaji, huenda jambo hili limepita mtaani kwako, au ndani ya ukoo wako mwenyewe. Mtu amefariki, ameacha nyumba moja na watoto watano, wawili kati yao wadogo. Ndani ya nyumba hiyo yumo mpangaji aliyeingia zamani. Watoto wake wamezaliwa humo, na kodi anayolipa ni ya zamani pia, haitoshi hata kupaka chokaa ukuta wa mbele. Warithi wanataka kuuza ili kila mmoja apate fungu lake. Mpangaji hataki kutoka. Baada ya maneno mengi hutokea mzee mmoja akasema, "Wanangu, mpeni mwenzenu kilemba, ahame kwa salama."

Neno la mzee ni la busara, kwani linazuia ugomvi. Lakini Muislamu hana budi kuuliza neno moja zaidi. Fedha hiyo inalipa nini? Mwenye nyumba anajulikana anachonunua: anataka nyumba yake iwe tupu. Mpangaji je, anauza nini? Mtu hawezi kuuza asichokuwa nacho. Swali hili si geni. Wanavyuoni wamelijadili kwa karne nyingi, na historia yake inatufaa sana sisi watu wa pwani.

Tuanze na jina. Kilemba kwetu si nguo ya kichwani tu. Ni heshima anayopewa fundi na mwanafunzi aliyekwisha hitimu kazi, ni sehemu ya mambo ya arusi, na ni fedha inayotolewa ili mtu apate au aache nyumba au duka. Huko Bombay fedha kama hiyo huitwa pagdi, na maana yake ni kilemba vilevile. Waarabu huiita badali ya khuluu, yaani malipo ya kupaacha mahali patupu.

Khuluu ilipata umashuhuri mjini Kairo, katika masoko yenye maduka mengi ya wakfu. Asili yake haikuwa ujanja. Duka la wakfu huchakaa, paa likaanguka, na nadhiri, yaani msimamizi wa wakfu, akawa hana fedha ya kulitengeneza. Kuliuza hawezi, maana wakfu hauuzwi. Basi humwendea mfanyabiashara akamwambia: toa fedha zako ulijenge, nawe utakuwa na haki ya kukaa humu. Tuseme duka lililojengwa upya lastahiki kodi ya dirhamu 30 kwa mwezi. Mpangaji hulipa wakfu 15, na zile 15 nyingine ni manufaa ya mali aliyoitia katika jengo. Mtu huyo akitolewa bila ya kulipwa, amedhulumiwa. Akilipwa akatoka, amerudishiwa chake.

Sultani Qansuh Al-Ghuri, aliyetawala Misri kuanzia 1501 mpaka alipofariki vitani mwaka 1516, alijenga maduka katika mtaa ambao mpaka leo huitwa Ghuriya kwa jina lake. Mwanachuoni wa Kihanafi Ibn Nujaym, aliyefariki 1563, ametaja kwamba Sultani huyo aliwaweka wafanyabiashara katika maduka hayo kwa khuluu. Kila duka lilikuwa na kiasi chake cha fedha, na jambo hilo likaandikwa katika hati ya wakfu.

Zama hizohizo aliulizwa Sheikh Nasiruddin Al-Laqani, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki 1551. (Huyu siye Ibrahim Al-Laqani aliyetunga Jauharatut Tauhid, ambaye alikuja baadaye.) Waulizaji walisema kwamba khuluu za maduka zimekuwa ada, na watu wamezitolea mali nyingi, hata katika baadhi ya masoko duka moja limefikia dinari 400 za dhahabu. Je, mwenye haki hiyo akifa, warithi wake watairithi? Sheikh akajibu kwamba watairithi.

Hapo, ndugu msomaji, utaona mlango umefunguka. Ikiwa haki ya kukaa inarithiwa na kuuzwa, baada ya muda watu husahau ilikotoka. Babu alitoa fedha za paa. Mjukuu hakutoa kitu, ila anadai kama babu, na mwenye mali amekuwa kama mgeni katika mali yake. Kwa hiyo wako wanavyuoni waliopinga. Sheikh Hasan Ash-Shurunbulali, Mhanafi wa Misri aliyefariki 1659, aliandika risala nzima ya kuipinga khuluu. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki 1836, alishika njia ya kati: mwenye khuluu asitolewe ovyo, lakini naye alipe kodi inayolingana na ya wenziwe. Akikataa, hana hoja ya kubakia, maana atakuwa anakula mali ya wakfu.

Tukija katika karne ya ishirini, jambo hili lilibadilika sura. Vita Vikuu vya Pili vilileta uhaba wa nyumba mijini, na serikali nyingi zikazuia kodi zisipande na wapangaji wasitolewe. Mwaka 1947 pekee zilitungwa sheria mbili mashuhuri, moja ya Misri na moja ya Bombay. Huko Misri kodi zilipunguzwa tena na tena katika miaka ya 1950 na 1960, na nyumba zikawa zinapita kutoka mpangaji kwa mtoto wake. Sheria ya mwaka 1996 iliiachia huru mikataba mipya tu. Ya zamani ilibaki mpaka sheria ya mwaka 2025, iliyowapa wapangaji wa nyumba za kukaa muda wa miaka saba, na wa maduka na ofisi miaka mitano, kisha mikataba hiyo iishe.

Na kwetu ilikuwa hivyohivyo. Kenya ilipitisha mwaka 1965 sheria ya kuwalinda wapangaji wa maduka, mahoteli na mikahawa. Asiyekuwa na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, hatolewi bila ya notisi isiyopungua miezi miwili, naye ana njia ya kupinga mbele ya baraza. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti kodi mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005.

Sheria hizi zilitungwa ili kumkinga mnyonge, na wanyonge wengi zimewakinga. Lakini zilizaa soko la kilemba. Kodi iliyofungwa ikawa ndogo, nyumba tupu ikawa na thamani kubwa, na tofauti ya viwili hivyo ikawa bei ya ufunguo. Mwenye nyumba akawa hana njia ya haraka ila kumlipa mpangaji. Mpangaji naye akajifunza kukaa kimya na kungoja bei ipande.

Ndipo Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao Jeddah lilipolizingatia jambo hili katika kikao chake cha nne, mwezi wa Februari 1988. Uamuzi wake kwa mukhtasari ni huu. Mwenye nyumba na mpangaji wakikubaliana ndani ya muda wa mkataba kwamba mpangaji alipwe fedha aondoke, inajuzu. Mpangaji amemiliki manufaa ya nyumba kwa muda uliobakia, naye amemwuzia mwenye nyumba muda huo kwa ridhaa. Ama mkataba ukiwa umekwisha, wala haukurefushwa kwa maneno au kwa sharti lililomo ndani yake, kilemba hakijuzu, kwani mwenye mali ana haki zaidi na mali yake. Kadhalika mpangaji aweza kumwachia mpangaji mwingine muda uliobakia kwa malipo, maadamu anachunga masharti ya mkataba wake wa asili. Muda ukisha, hana cha kumwachia mtu.

Kwa hiyo mizani iko wazi: kilemba ni bei ya haki iliyobakia. Na haki iliyobakia yaweza kuhesabiwa. Tuseme mkataba umebakisha miezi 6, kodi ni shilingi 10,000 kwa mwezi, na nyumba ya namna hiyohiyo mtaani sasa ni shilingi 25,000. Mpangaji akihama leo atapoteza shilingi 15,000 kila mwezi, yaani shilingi 90,000 kwa miezi yote 6. Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo. Huongezwa gharama za kuhamisha vyombo, na wanaweza kuzidisha au kupunguza kwa kuridhiana. Lakini sasa wanazungumza juu ya kitu kinachojulikana, si juu ya nani mwenye sauti kubwa.

Ama ridhaa yenyewe, nayo ina masharti. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa ametukataza kuliana mali kwa batili, ila iwe biashara ya kuridhiana. Mwenye nyumba aliyekata maji, aliyeng'oa mlango wa uani, aliyeacha paa livuje makusudi au kuwatuma vijana wapige kelele usiku, kisha akaja na bahasha, huyo hakununua kitu kwa ridhaa. Ametia hofu, kisha akailipia hofu. Na mpangaji aliyeahidi kuondoka, akamwacha mwenziwe apokee fedha za mnunuzi, kisha akageuka na kudai mara tatu kwa kuwa anajua mwenziwe amebanwa, huyo naye hakupata ridhaa. Ahadi ni deni.

Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipotaka kuupanua Msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina, mwaka wa 17 Hijria, nyumba ya Sayyidna Abbas (R.A.) ilikuwa njiani. Umar alitaka kumlipa, au kumpa mahali pengine, na Abbas akakataa. Wakaenda kuhukumiwa kwa Ubayy bin Ka'ab (R.A.), naye akahukumu kwamba Khalifa hana haki ya kumtoa mtu bila ya radhi yake. Umar akasalimu amri. Alipokwisha kushinda, Abbas akaitoa nyumba yake sadaka kwa ajili ya Waislamu. Ni kweli kwamba Abbas alikuwa mwenye nyumba, si mpangaji. Lakini tazama adabu iliyomo. Mwenye nguvu alikubali kushindwa na haki, na mwenye haki alipoipata hakuifanya kuwa fimbo.

Basi tunawausia wanaotaka kupatana wafuate mambo haya. Wasome mkataba kwanza, wajue umebakisha nini. Waonane mchana, mbele ya watu wawili waaminifu, na kila upande uwe na mzee wake. Mpangaji apewe siku za kufikiri, asishikizwe kalamu papo hapo. Waandike kiasi cha fedha, siku ya kuhama, na nani atalipa deni la maji na umeme. Sehemu ya fedha itolewe mapema ili mpangaji apate mahali pa kwenda, na iliyobaki itolewe siku ya kukabidhi ufunguo. Amana aliyoweka alipoingia irudishwe mbali, wala isihesabiwe kuwa kilemba, kwani hiyo ni mali yake tangu hapo.

Sasa turejee katika ile nyumba ya warithi watano. Mpangaji analipa mwezi kwa mwezi. Kwa mujibu wa mizani tuliyoiona, haki aliyobakisha katika mkataba ni ndogo: mwezi alioulipia, na muda wa notisi. Kukaa miaka thelathini hakumfanyi kuwa mrithi wa sita. Lakini aulizwe jambo lile la maduka ya Kairo: je, ametia mali yake katika jengo? Ikiwa alichimba kisima, au alibadilisha mabati kwa ruhusa ya marehemu kwa mapatano ya kurudishiwa, na hakuwahi kukatiwa katika kodi, basi hilo si kilemba. Hilo ni deni la marehemu, na deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa.

Baada ya haki huja ihsani. Warithi wakubwa wakitaka kumpa jirani wa miaka thelathini fedha ya kuanzia maisha mahali pengine, ni jambo jema, na Mwenyezi Mungu hapotezi ujira wa mwenye kufanya wema. Lakini waitoe katika mafungu yao wenyewe. Mafungu ya wale wawili wadogo hayaguswi kwa ukarimu wa mtu mwingine, kwani msimamizi wa yatima hana ruhusa ya kugawa mali ya yatima. Na mpangaji, akijua kwamba anachopewa ni zawadi, akipokee kama zawadi, wala asikipangie bei.

Ndugu msomaji, nyumba hubadilisha wenyewe, na kila mmoja wetu duniani ni mpangaji ambaye notisi yake imekwisha andikwa. Tusikubali kuhama hapa na haki ya mtu mfukoni. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kutoa haki kabla ya kudaiwa, na kuridhika na haki bila ya kuzidisha. Amin.