Nguo ya Gari: Kutoka Macho ya Mtepe hadi Stika ya Vinili

Siku hizi hata huku kaskazini ya Pemba, ukizungumza na vijana wenye gari, neno halikawii kutoka: stika. Si ile stika ndogo ya kubandika kwenye kioo cha nyuma, bali stika ya gari zima. Gari iliyoshuka melini ikiwa nyeupe inageuka nyeusi isiyong'aa, au buluu ya bahari kuu, na rangi ya kiwandani ipo palepale chini yake. Wengine wanatazama video kwenye simu, wananunua roli la vinili, kisha wanaifanya kazi wenyewe nyumbani.

Wazee wanaona ni mambo ya mjini. Mimi nadhani ni mambo ya pwani, tena ya kale. Hebu tuyafuate.

Zaidi ya miaka 1,900 iliyopita, mwandishi mmoja wa Kigiriki ambaye jina lake halikubaki aliandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi. Anataja kisiwa anachokiita Menouthias, chenye mitumbwi ya gogo moja na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Wataalamu wanabishana hadi leo: wapo wanaosema ni Unguja, wapo wanaosema ni Mafia, na wapo wanaosema ni Pemba hii hii. Ubishi huo tuwaachie. Linalotuhusu ni kwamba ufundi ule wa kushona mbao uliishi pwani yetu mpaka ukatupa mtepe, chombo kisicho na msumari, chenye tanga la ukili.

Mtepe haukuwa uchi. Omo yake iliinuka kama shingo ya ngamia, na kila upande ulichorwa jicho. Chombo kiliangalia kinakokwenda. Majahazi ya Lamu nayo yalibeba duara za mbao zilizochongwa na kupakwa rangi, mahali pale pale pa macho. Huo ndio uso wa chombo, na uso ulikuwa kazi ya mkono.

Lakini kulikuwa na nguo ya pili, ambayo watalii hawaipigi picha. Chombo kilipandishwa pwani maji yakitoka, kikaegemezwa, kikakwanguliwa. Juu ya maji kilipakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo harufu yake ukiijua huisahau. Chini ya maji kilipakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, ili kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Kazi yote ilifanywa kwa viganja, na mabaharia wenyewe, pale pale ufukweni. Baada ya miezi inakwanguliwa na kupakwa upya. Kwa maneno mengine, hii ni ngozi ya pili, ya muda, inayoliwa na bahari ili mbao isiliwe.

Sasa tazama vinili. Mwaka 1872 Mjerumani Eugen Baumann aliona gesi aliyoiacha kwenye chupa juani imegeuka kitu kigumu cheupe. Hakuna aliyekuwa na haja nacho sana. Mpaka 1926 ndipo Mmarekani Waldo Semon, aliyekuwa kampuni ya B.F. Goodrich, alipopata njia ya kukilainisha kikakunjika kama mpira. Mwaka 1935 R. Stanton Avery akaanza kutengeneza lebo zenye gundi yake mwenyewe: unabandua karatasi ya nyuma, unabandika. Ukiunganisha vitu hivyo viwili umeshapata stika. Kilichokosekana ni sababu ya kuivisha gari nzima.

Sababu ilitoka Ujerumani, na ilikuwa ya kifedha. Sheria kule iliwataka wenye teksi wawe na gari za rangi moja, ya maziwa yaliyochujuka. Lakini nani atanunua gari ya rangi hiyo teksi ikistaafu? Katika miaka ya 1990 wakaanza kuzivisha vinili. Serikali inaona rangi yake, mwenye gari anajua ya kwake iko salama chini, na siku ya kuuza anavua. Kwa hiyo, msomaji, stika ya gari haikuanzia kwa wapenda fahari. Ilianzia kwa watu waliolazimishwa rangi wakatafuta namna ya kutii bila kupoteza.

Afrika Mashariki tunaijua habari hiyo vizuri. Kenya, matatu zilikuwa kuta zinazotembea: sura za wanamuziki, methali, kejeli, majina ya kuogofya. Kisha likaja Tangazo la Kisheria namba 161 la 2003, watu wakaliita sheria za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi, John Michuki. Kuanzia Februari 2004 kila matatu ilitakiwa iwe na mstari wa manjano ubavuni, na michoro ikafutwa. Mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo viliokoa watu, hilo halina ubishi. Lakini pamoja navyo iliondoka maktaba. Mpaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipowatetea vijana wa michoro, kizazi kizima cha maandishi kilikuwa kimeshapakwa rangi juu. Bahati ni kwamba wasomi kama Kenda Mutongi na Mbugua wa Mungai walikwisha kuyachukua matatu kama somo la kuandikia vitabu.

Kwetu visiwani, nani ameandika? Gari zetu za abiria zilikuwa chesisi ya lori kutoka nje, na bodi ya mbao ya seremala wa hapa hapa. Mbao ikihitaji rangi, mchoraji aliitwa. Jina la gari, dua, kijembe kwa mwenye wivu: vyote kwa brashi. Kanga nazo zina majina, lakini kanga huchapwa kwa maelfu, na watu wamekusanya misemo yake kwa miaka mingi. Msemo wa gari ulikuwa nakala moja tu. Gari ikifa, msemo umekufa.

Hapo ndipo vinili inaponitia wasiwasi. Mchoraji wa brashi hashindani na roli la mita 1.52 kwa upana lililotoka nje likiwa na rangi moja safi. Gari linapendeza, lakini halisemi kitu.

Hata hivyo kuna jambo linalonipa moyo, nalo ni hilo neno "nyumbani". Kijana wa Mgogoni anayevisha gari yake mwenyewe anarudi, bila kujua, kwenye desturi ya ufukweni. Anahitaji karibu mita 18 hadi 20 kwa gari ndogo. Anaosha, anatoa mafuta yote kwa spiriti, anapiga msasa penye kutu, maana stika haifichi kutu, inailea. Anatafuta mahali pasipo upepo wala vumbi, na kwa nyumba zetu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Wawili wanashika karatasi, mmoja anasukuma hewa kwa kibao cha plastiki kuanzia katikati kwenda pembeni, mwingine anapuliza joto kwenye bampa ili vinili ilegee ifuate kona. Ukiivuta sana leo, kesho jua linairudisha ilikotoka. Wembe unapita kwa upole, la sivyo unakata rangi ya chini. Boneti na paa ndivyo vinavyochakaa mwanzo, kwa sababu jua letu halina huruma. Na kadi ya gari ina sehemu ya rangi, kwa hiyo mwenye busara anapita ofisini kwanza, asije akasimamishwa njiani akaulizwa gari nyeupe iko wapi.

Viganja, joto, chokaa ya jana na gundi ya leo. Tofauti iko moja: mvua shahamu aliacha chombo cha watu wa pwani, mvua vinili anaacha rangi ya kiwanda cha Japani.

Mtepe ulikuwa karibu umekwisha mwanzoni mwa karne ya 20. Tunaujua kwa picha na vielelezo. Mmoja wa mfano ulijengwa ukawekwa Beit-al-Ajaib, Unguja, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lile ikaporomoka. Kama macho ya mtepe yalihitaji mtu wa kuyachora tena kutoka kwenye kumbukumbu, basi maandishi ya gari za mbao yanahitaji mtu wa kuyanakili kabla hayajafunikwa. Simu unayo mfukoni. Ukiona gari kuu kuu Konde au Wete lenye maneno ubavuni, piga picha, andika na mwaka. Kisha mwambie na yule kijana wa vinili: karatasi ile inakatika kwa wembe, na herufi nazo hukatwa hivyo hivyo. Gari yako umeivisha. Sasa ipe jina.