Alama ya Vema Katika Fomu

Miaka mingi iliyopita nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Siku moja ilitufikia fomu ya wakaguzi, yenye maswali kuhusu kompyuta zetu. Swali mojawapo liliuliza kama tunaweka nakala za akiba. Nikatia alama ya vema, maana kila Ijumaa kijana wetu mmoja alinakili hesabu kwenye diski na kuzifungia kabatini. Kompyuta ilipoungua kwa hitilafu ya umeme ndipo tulipogundua kwamba nusu ya diski zile hazisomeki, na hakuna aliyepata kuzijaribu hata siku moja. Tulikaa wiki tatu tukiandika upya hesabu kutoka kwenye stakabadhi. Fomu ile ilikuwa na sahihi yangu.

Ndiyo maana nikisikia kampuni ikijigamba kuwa usalama wa kompyuta zake umekomaa, masikio hunisimama. Neno hilo lina historia, nami leo nataka tuifuate.

Tuanzie California, mwaka 1986. Katika maabara ya Lawrence Berkeley, mtaalamu wa nyota aitwaye Clifford Stoll alipewa kazi ya kutafuta senti 75 zisizoeleweka katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Senti 75! Wengi wetu tungezitoa mfukoni mambo yakaisha. Yeye akazifuata kwa miezi mingi, na mwisho wa njia akakutwa kijana wa Hannover, Ujerumani Magharibi, aliyekuwa akipekua kompyuta za jeshi la Marekani, na aliyoyapata yakiuzwa kwa majasusi wa Kisovieti, KGB. Mtu yule alijaribu kompyuta zipatazo 450, akaingia katika zaidi ya 30. Uchawi hakuwa nao. Mara nyingi alitumia tu neno la siri lililokuja na mashine kutoka kiwandani, ambalo wenyewe hawakujisumbua kulibadilisha. Wangeletewa fomu yangu, nadhani wote wangetia vema: neno la siri lipo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu iliyojinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine, ikibahatisha maneno ya siri dhaifu na kupenya kwenye nyufa za programu nyingine. Kwa makisio ya wakati ule, kompyuta 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwamo katika intaneti ziliambukizwa. Baba yake, msishangae, alikuwa mtaalamu wa usalama wa kompyuta katika shirika la ujasusi la NSA. Mganga hajigangi.

Mwezi ule ule serikali ya Marekani ikaanzisha kikosi cha kushughulikia dharura za namna hiyo, ikakiweka Pittsburgh, katika Taasisi ya Uhandisi wa Programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Katika taasisi hiyo hiyo alikuwamo mzee Watts Humphrey, aliyetoka IBM baada ya miaka 27 ya kazi. Jeshi la Anga lilikuwa limechoshwa na watengenezaji wa programu wanaochelewa na kuzidisha gharama, likataka kipimo cha kujua nani astahili zabuni. Humphrey akaazima wazo la Philip Crosby, mtu wa viwandani, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1979 alipanga ubora wa kazi kwa ngazi tano.

Katika ngazi ya chini kabisa, kazi hutegemea ushujaa: yupo fundi mmoja hodari, na akiugua kila kitu husimama. Ya pili, lililofanikiwa jana laweza kurudiwa leo. Ya tatu, njia imeandikwa na ofisi nzima inaifuata. Ya nne hupimwa kwa takwimu, na ya tano takwimu hizo hutumika kurekebisha kazi bila kungoja balaa. Kiini chake ni swali moja: je, jambo jema litatokea tena hata mhusika asipokuwapo? Watu wa usalama walilichukua wazo hilo, wakatoa ngazi zao mwaka 1996. Ofisi yetu, kwa hakika, ilikuwa ngazi ya kwanza, na shujaa wetu ni yule kijana wa Ijumaa.

Lakini mwanadamu ni hodari wa vyeti. Septemba 2013 maduka ya Target, Marekani, yalithibitishwa kuwa yametimiza masharti ya usalama wa kadi za malipo. Kabla mwaka haujaisha kadi milioni 40 za wateja zilikuwa zimeibwa. Wezi waliingia kwa neno la siri la mkandarasi wa mitambo ya kupoza hewa. Mtambo wa kutoa tahadhari ulikuwapo, nao ulitoa tahadhari. Hakuna aliyeifanyia kazi kwa wakati.

Wizara ya Ulinzi ya Marekani nayo kwa muda mrefu iliridhika na makandarasi wanaojithibitisha wenyewe. Mwaka 2020 ikatangaza ngazi tano, mwaka 2021 ikazipunguza kuwa tatu, na tangu tarehe 10 Novemba 2025 zimeanza kuingizwa katika mikataba. Kazi nyingi zenye taarifa nyeti zitahitaji mkaguzi kutoka nje. Katika ngazi ya kwanza kampuni bado hujipima yenyewe kila mwaka, na ofisa wake mmoja mwandamizi huthibitisha kwa jina lake kwamba mambo ni shwari.