Kwinini ya Usambara na moyo wa kompyuta

Abiria anayeshuka Mombo kupanda Soni na Lushoto huona upande mmoja tu wa Usambara. Ng'ambo ya bonde la Lwengera ndiko Amani, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda mkwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia bahari, magome yake yalitengenezewa kwinini ya askari wao. Ilikuwa dawa ya malaria; moyo haukuwamo katika hesabu zao.

Ulaya, wakati huohuo, gome hilo lilikwisha kuonyesha tabia nyingine. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwendea daktari Karel Wenckebach, mapigo yake ya moyo yakiwa yamevurugika. Daktari akakiri hana la kufanya. Mgonjwa akamwahidi kurudi kesho yake mapigo yakiwa sawa, na akarudi hivyo kweli: alikuwa amemeza gramu moja ya kwinini! Mwaka 1918 daktari Walter Frey akabaini kuwa kwinidini, itokayo katika gome lilelile, ina nguvu zaidi. Kwa nini inafanya kazi, hakuna aliyejua.

Jibu lilianza kupatikana London, usiku wa manane. Denis Noble, mwanafunzi wa uzamivu, alipewa kompyuta ya Ferranti Mercury saa nane hadi saa kumi usiku, muda usiogombewa na mtu. Akitoka hapo alipitia machinjioni kuchukua mioyo ya kondoo kwa majaribio ya mchana. Mwaka 1960 akachapisha milinganyo ya umeme wa seli ya moyo. Miaka minne baadaye Gordon Moe na wenzake waliunganisha vipande vya kihesabu vya moyo karibu 1,000 ndani ya kompyuta, wakaona mawimbi ya umeme yakifukuzana bila kukoma.

Wimbi hilo huenda kama moto wa nyika: lilipopita hapawaki tena hadi majani yaote, yaani hadi seli zipumzike. Likienda polepole, hukuta nyuma yake yameshaota, likazunguka upya. Kwinidini huchelewesha majani kuota, mzunguko ukakosa pa kushika. Ikichelewesha kupita kiasi, seli huwaka zenyewe kabla ya wakati, na mgonjwa anaweza kuzirai, hata kufa.

Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Marekani na washirika wao walianzisha mpango wa kupima hatari hiyo ya dawa kwa kompyuta, wakitumia seli ya kihesabu ya moyo wa binadamu iliyochapishwa na Thomas O'Hara na Yoram Rudy na wenzao mwaka 2011. Dawa 12 zinazojulikana tabia zake zilitangulizwa kuinoa programu. Kwinidini iliwekwa kundi la hatari kubwa.